Jenereta kwenye karakana: namna ya kuwakinga vijana na gesi ya moshi

Wiki hii nimeshinda kwenye karakana ya mbao ya jamaa yangu, umeme hamna, jenereta ya petroli inaunguruma kwenye kona, na vijana wawili wanalalamika kichwa na kichefuchefu. Malaria walishapima, hamna kitu. Nikawauliza, mkirudi nyumbani kinatulia? Kinatulia, na Jumapili hakiumi kabisa. Hiyo ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

1. Toa jenereta nje. Kufungua mlango tu hakusaidii. Iwe mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, ekzosi itazame mbali.

2. Nunua kipimo cha mkononi kinachoonyesha namba. Alamu za nyumbani mimi sizitaki kazini, kwenye ppm 50 (yaani sehemu 50 za gesi hii kwenye milioni moja za hewa) inaweza kukaa saa nzima haijalia. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inasema wastani wa zamu usizidi 35, na 200 isivukwe hata kidogo. Kiwashe ukiwa nje kwenye hewa safi, ukikiwekea sifuri ndani ya moshi kitakudanganya siku nzima.

3. Tafuta hewa inaingilia wapi. Hapa ndo tulikesha. Jenereta iko nje, nyuma ya ukuta, kipimo bado kinasoma 60 pale kwenye randa, tunaisogeza kinashuka kidogo halafu kinapanda tena. Saa tatu zimeisha ndo nikachana kipande cha tishu nikakiweka kwenye matundu ya ukuta wa nyuma, kikavutwa ndani mpaka kikanata. Kumbe ni ile feni ya kutoa vumbi mbele: inatoa hewa huku, nyingine lazima iingie kule, na kule ndo kwenye ekzosi. Feni usizime, vumbi nalo linaua mapafu. Tuliziba matundu, tukafungua dirisha kubwa la ubavuni, jenereta tukaipeleka mbali zaidi. Ila pima tena mchana upepo ukigeuka, na pima siku ya mvua maana watu wanafunga madirisha yote.

4. Barakoa haizuii hii gesi, hata ile ya wapaka rangi yenye mkaa. Usipoteze hela.

5. Mtu akizidiwa, zima injini, mtoe nje, mkimbize hospitali akapewe oksijeni. Na uwaambie kabisa kwamba alikuwa kwenye moshi wa jenereta, kwa sababu ile mashine ya kubana kidoleni ya kupima oksijeni inaweza kusoma asilimia 98 wakati damu imejaa gesi.