Namna ya Kuchagua Gitaa la Akustika kwa Kuzijua Mbao Zake

Uzi wa gitaa ukiwa peke yake hausukumi hewa ya kutosha kusikika hata upande wa pili wa chumba. Mtetemo wake hupita kwenye daraja, yaani kipande cha mti kinachozishika nyuzi usoni mwa gitaa, ukaingia kwenye ubao wa mbele ambao unene wake ni takribani milimita 3 tu, na ubao huo ndio unaoisukuma hewa mpaka masikioni. Kwa sababu hiyo, anayekwenda kununua gitaa la akustika anapaswa kuuliza jambo moja kabla ya bei: je, uso wa gitaa hili ni ubao mzima, au ni plaiwudi iliyobandikwa ganda jembamba la mti mzuri?

Jibu utaliona mwenyewe kwenye ukingo wa tundu la sauti. Ikiwa ni ubao mzima, mistari ya mti inayoonekana juu hushuka bila kukatika kwenye unene wa ubao. Ikiwa ni plaiwudi, utaona tabaka zilizogundishwa, na mara nyingi ile ya katikati ina rangi tofauti. Plaiwudi huvumilia mabadiliko ya hewa na inafaa gitaa la safari au la mtoto anayeanza, lakini haitetemeki kwa wepesi ule wa ubao mzima. Kama fedha zako zinatosha ubora wa sehemu moja tu, ziweke kwenye uso.

Mti unaotumiwa zaidi kwa uso ni sprusi, mti wa jamii ya misonobari, kwa kuwa ni mwepesi na wakati huohuo ni mgumu kupindika kwa urefu wake. Sauti yake ni angavu, na hata ukiucharaza kwa nguvu nota hazivurugiki. Mwerezi mwekundu wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, ambao una jina tu la mwerezi na hauna undugu wa karibu na ule wa Lebanoni, ni laini zaidi. Huitikia mguso mdogo wa kidole kwa sauti yenye joto, na ndiyo maana hupendwa kwenye magitaa ya nyuzi za nailoni. Uso wa mahogani hutoa sauti kavu isiyong'aa sana, inayomfaa mtu anayeimba huku akipiga.

Kuhusu mgongo na mbavu za gitaa, maneno ya wauzaji huwa mengi kuliko ushahidi. Mwaka 1862 fundi Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogundishwa, ili kuonyesha kwamba uso ndio wenye kazi kubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wapiga gitaa 52 nchini Uingereza walijaribu magitaa 6 yaliyotofautiana mbao za mgongo na mbavu tu, katika mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji ili wasizione mbao, na alama walizoyapa zilikaribiana mno. Mafundi husema kwamba rozwudi, mti mgumu na mzito, huongeza besi na mwangwi, na mahogani hubana sauti. Tofauti hiyo ipo, lakini ni ndogo, na haistahili kukufilisi. Rozwudi ya Brazili, kwa mfano, imewekewa vizuizi vikali vya biashara ya kimataifa tangu mwaka 1992 chini ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na gitaa la rozwudi ya India litakufaa vilevile.

Hapa siwezi kuupita mpingo wetu. Mti huu wa taifa wa Tanzania, unaovunwa Kilwa na Lindi, ni wa jenasi moja na rozwudi, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ukiugonga hulia kama kengele. Dunia inaujua zaidi kwa ala za kupuliza kama klarineti na obo, lakini baadhi ya mafundi huutumia kwa migongo ya magitaa. Kwa kuwa huchukua miongo mingi kukomaa, ukiuziwa gitaa la mpingo, uliza ulivunwa wapi na kwa kibali gani.

Baada ya mbao, kagua shingo. Nafasi kati ya nyuzi na freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) isizidi sana milimita 2.5 upande wa besi kwa gitaa la nyuzi za chuma, la sivyo vidole vitaumia bure. Kwa mkazi wa pwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwani unyevu huvimbisha ubao wa mbele na kuziinua nyuzi. Hifadhi gitaa ndani ya kasha lake, na usiliache kamwe kwenye gari lililoegeshwa juani, maana gundi ya daraja hulainika.

Mwisho, mwombe mwenzako ayapige magitaa mawili uliyoyapenda, wimbo mmoja kwa yote, huku wewe umeyapa mgongo. Amua kabla hujageuka kusoma kibandiko.