Kuhifadhi ukurasa wa mtandao na kutambua fonti: chagua kiendelezi kinachokufaa

Mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) anayekusanya makala za TFC, kazi yake ya kumaliza masomo, na mtu wa mtaa wa Katuba anayetengeneza kalikoti (mabango ya kitambaa) na mialiko ya harusi wana haja tofauti, lakini wote wawili mega (data ya intaneti) zinawaishia. Kwa hiyo kiendelezi chochote, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kipimwe kwanza kwa swali hili: mtandao ukikatika, ulichohifadhi kitafunguka?

Maelezo haya ni ya Chrome na Firefox kwenye kompyuta. Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inavipokea, SingleFile ikiwemo. Maneno ya menyu tumeyaacha kwa Kifaransa, maana ndivyo kompyuta nyingi za Lubumbashi zilivyowekwa.

Hatua ya 1: Amua kitakachobaki, na kitabaki wapi

Viendelezi vingine vinaweka ukurasa kwenye seva ya kampuni, vingine vinakuachia faili kwenye diski yako. Vya seva vinapendeza mpaka siku kampuni ifunge mlango. Mozilla ilifunga Pocket, huduma yake ya kuhifadhi kurasa, tarehe 8 Julai 2025, na waliokuwa wameweka viungo vya miaka humo walilazimika kuvihamisha. Sisi tunasimama upande wa faili.

SingleFile inakupa ukurasa mzima kama ulivyo, ndani ya faili moja ya .html. Obsidian Web Clipper inachukua maandishi na kuyaweka katika Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama chache; faili inakuwa nyepesi sana, sura ya ukurasa inapotea. GoFullPage inapiga picha ya ukurasa kuanzia juu hadi chini: nzuri kwa kumwonyesha mteja mfano wa muundo, mbaya kwa kusoma, kwa sababu kwenye picha ya PNG huwezi kunakili hata neno moja. Kwa mwenye TFC, chukua Zotero Connector, kiendelezi cha Zotero (programu ya kupanga marejeo), kwa sababu inahifadhi pia mwandishi, tarehe na anwani utakavyovihitaji kwenye bibliografia. Fungua programu ya Zotero kabla ya kubonyeza. Akaunti ya bure ina MB 300 tu kwenye seva, na nakala za kurasa huzijaza upesi. Zima usawazishaji wa faili, nakala zako zitabaki kwenye kompyuta.

Na ile "Enregistrer sous" ya kivinjari? Inatoa faili ya .html pamoja na folda yake. Ukituma .html peke yake kwa WhatsApp, anayeipokea anaona maandishi yaliyovurugika bila picha. Chrome inaweza pia kutoa .mhtml, faili moja, ila Firefox haiifungui.

Hatua ya 2: Punguza ruhusa

Kiendelezi cha aina hii huomba kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote, zikiwemo barua pepe zako. Mwezi wa Februari 2021 Google iliondoa The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa sana, baada ya kukuta msimbo hatari ndani yake. Kilikuwa kimeshabadilisha mmiliki. Fungua chrome://extensions, ingia kwenye maelezo ya kila kiendelezi, weka kifanye kazi pale tu unapokibonyeza. Usichokitumia, kiondoe.

Hatua ya 3: Hifadhi kwa SingleFile

Subiri ukurasa ufunguke wote, kisha ushuke polepole mpaka chini. Tovuti nyingi hazileti picha mpaka macho yafike hapo, na kwenye mtandao dhaifu ukiruka hatua hii utapata visanduku vitupu. Bonyeza alama ya SingleFile na usifunge kichupo mpaka imalize, kwa maana inaweza kurudi mtandaoni kuomba picha au fonti (aina ya herufi) iliyokosekana. Faili inaingia kwenye Téléchargements, jina lake likibeba kichwa cha ukurasa na tarehe.

Ukitaka aya chache tu, ziteue kwanza, kisha bonyeza alama kwa kitufe cha kulia na uchague kuhifadhi uteuzi. Hii inaokoa nafasi nyingi: picha hugeuzwa kuwa maandishi ya base64, na kila moja inaongezeka uzito kwa karibu theluthi. Picha za MB 6 zinakuwa kama MB 8.

Sasa zima Wi-Fi, ufungue faili. Usingoje siku ya kuihitaji ndipo ugundue kasoro. Video na ramani za kubofya hazitafanya kazi; hilo ni kawaida, kwa sababu skripti zinaondolewa. Kama uliingia kwa akaunti, angalia pia kama jina lako limo kabla ya kumtumia mtu.

Hatua ya 4: Tambua fonti

Weka kiendelezi cha WhatFont kwenye Chrome, bonyeza alama yake, pitisha kishale juu ya herufi, kisha bofya. Utaona jina, unene, ukubwa, nafasi ya mistari na rangi. Kwa kuhamishia kwenye chapa, zidisha px (kipimo cha skrini) kwa 0.75 upate pt (kipimo cha chapa): 32 px ni pt 24.

Hapa wengi hukosea. Msimbo wa ukurasa hutaja orodha ya fonti, mathalani Helvetica Neue, Helvetica, Arial. Windows kwa kawaida haina mbili za kwanza, kwa hiyo unachokiona ni Arial, hata kama orodha inaanza na jina lingine. Kwa kazi ya malipo, hakikisha: bofya maandishi kwa kitufe cha kulia, "Inspecter", nenda kichupo cha mitindo iliyokokotolewa, shuka hadi chini kabisa. Pale Chrome inataja fonti iliyochora herufi kweli, na kama imetoka mtandaoni au kwenye kompyuta yako. Mwenye Firefox hana haja ya kiendelezi: "Inspecter", kisha "Polices".

Angalia unene pia. Ukurasa ukiomba 600 na faili zilizopo ni za 400 (kawaida) na 700 (nene), kivinjari huchora 700. Ukichapisha kwa 600, mteja ataona herufi zimekonda.

Kazi hii unaweza kuifanya bila mega, kwenye nakala ya SingleFile, kwa kuwa fonti zimo ndani. Washa kwanza "Autoriser l'accès aux URL de fichier" kwenye maelezo ya WhatFont.

Hatua ya 5: Fonti iliyo ndani ya picha au PDF

Nembo iliyowekwa kama picha haisomwi na WhatFont. Kata mstari mmoja ulionyooka, wenye herufi kubwa na wazi, uupeleke kwenye WhatTheFont, ukurasa wa tovuti ya MyFonts unaotambua fonti kwenye picha. Linganisha a, g, R na Q, kwa sababu ndizo zinazotofautisha fonti zinazofanana. Kwa PDF, fungua Acrobat Reader, bonyeza Ctrl+D, kichupo cha "Polices". Ukikuta kitu kama ABCDEF+Montserrat-Bold, herufi sita za mbele zinaonyesha kwamba ni sehemu tu ya fonti iliyofungwa humo. Jina lenyewe ni Montserrat Bold.

Ukishapata jina, tafuta leseni kabla ya kupakua. Nyingi za Google Fonts zina leseni ya OFL (Open Font License), inayoruhusu kazi za biashara, na faili ya leseni huja ndani ya zip. Ya kulipia usiichukue kwenye tovuti za wizi. Tafuta ya bure inayokaribiana nayo. Kabla ya kuitumia kwenye mwaliko, andika é, è, ç na œ. Fonti nyingi za mapambo hazina herufi hizo, na programu huzijaza kwa fonti nyingine bila kukuambia.