Usimpe kuni: namna ya kuishi na mtu anayekosoa na kutawala kila kitu

Kabla ya kumwita mtu mtawala, mpime kwa wiki mbili. Andika mambo manne kwenye daftari: tarehe, alichokosoa, nani alikuwepo, na kilichotokea ulipofanya kama alivyotaka. Hilo la nne ndilo la maana.

Chukua mzee anayekugombeza kwa kuanika korosho kwenye udongo mbichi, au kwa kuchanganya daraja la kwanza na la pili. Anafoka, lakini ana hoja, maana korosho mbovu zikifika ghalani hasara ni ya nyumba nzima. Ukitandika turubai na kuchambua upya, ananyamaza. Huyo ni mkali tu, na mtu mkali unaweza kuishi naye miaka mingi. Mtawala kosa lake linahama. Ukitandika turubai atasema limetoboka, ukiliziba atauliza mbona umeamka saa moja, na ukiamka alfajiri atafika kwa mama yako na malezi aliyokupa. Ukiona kosa limehama mara tatu au nne ndani ya wiki hizo mbili, acha kutafuta namna ya kumridhisha, kwa sababu haipo.

Maelezo ndiyo kuni

Kosa kubwa tunaloliona, huku kusini mwa Tanzania, kutoka Mikindani hadi Nachingwea, ni kujieleza. Mtu akikosolewa anatoa sababu akidhani itamaliza mjadala. Kwa mkosoaji, kila sababu ni kitu kipya cha kukosoa. Mama mkwe anauliza, "Mbona mtoto hana sweta?" Ukijibu, "Leo joto, mama," umemfungulia mlango: joto la Lindi umeanza kulijua lini, watoto umelea wangapi, wifi yako mbona wake hawaugui. Jibu la kufaa ni, "Nimekusikia mama, nitamwangalia." Kisha nyamaza, mikono iendelee kukuna nazi. Usiidharau hiyo nazi. Mtu mwenye kazi mkononi hakai akisubiri hukumu, na kimya chake hakionekani kiburi.

Sentensi iwe moja, na ukilazimika uirudie kwa maneno yaleyale na sauti ileile. Rudia mara tatu, ya nne inuka: "Ngoja nikateke maji." Inapoharibika, mara nyingi ni kwenye mara ya pili, mtu anapoongeza "kwa sababu". Pengine huharibika kwenye sauti, maana huku Pwani mtu mzima husikia mkato wa sauti kabla ya neno. "Nimekusikia" iliyosemwa kwa kubetua mdomo ni tusi kamili, na hapo utakayekuwa na kosa ni wewe.

Palipo na ukweli, ukubali bila "lakini": "Kweli, leo nimechelewa." Basi. Mtu aliyejiandaa kwa ugomvi wa nusu saa hukosa pa kushika.

Kazini mbinu ni nyingine, kwa kuwa bosi huwezi kumkimbia kwa ndoo ya maji. Akisema "kazi yako hovyo", mrudishe kwenye kitu kinachoshikika: "Sawa, bosi. Nianze kurekebisha kipi?" Andika anachotaja, na jioni msomee: mzigo uhesabiwe kabla ya saa mbili, mauzo ya mkopo yawe ukurasa wake, kuna lingine? Akigeuza maagizo kesho yake, daftari lipo. Ila usilifungue mbele ya wateja. Ukimwaibisha hadharani, atalipiza kwa miezi.

Mjomba na fedha za korosho

Msimu ukifika, kuanzia Oktoba, ushauri wa kawaida wa "usimwambie mtu mambo yako" unafanya kazi nusu tu. Bei ya mnada inatangazwa, chama cha msingi cha ushirika kinajulikana kimelipa, na kijiji kizima kinapiga hesabu ya magunia yako. Huwezi kuficha kilichoingia. Unachoweza ni kukipangia kazi mapema. Kabla ya malipo, kaeni wenyewe mgawe ada, chakula cha hadi masika, na salfa ya kupulizia mikorosho na vibarua vya msimu ujao. Akija mtu na mipango yake juu ya fedha zenu, jibu liwe fupi: "Zimeshapangwa." Usitaje zimepangiwa nini. Ukishasema ada, mjadala utahamia kwenye shule uliyochagua.

Kwa mjomba kuna jambo la ziada. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli ya kweli, si ya kujipachika. Kumjibu kama jirani mdaku ni kujitafutia kikao cha ukoo. Tenganisha mambo mbele yake, kwa adabu: "Shikamoo, mjomba. La shamba la ukoo nitakuja kukusikiliza. La ada tumeshalimaliza na baba yake." Umempa kiti chake, na hukumpa nyumba yako.

Mtani naye asisahaulike. Neno ambalo mkwe hawezi kumwambia mkwe, mtani hulitupa mbele ya watu na wote wakacheka. Mpe jambo moja tu la kusema. Ukimpa matano, utayasikia kilabuni.

Kuweka mpaka

Mpaka uhusu utakachofanya wewe, si utakachomfanyia yeye. "Ukinitukana mbele ya watoto, nitatoka. Tutaongea ukitulia." Useme wakati kuna utulivu. Saa moja kabla ya futari, hakuna aliyewahi kumshawishi mtu jambo. Kisha uutekeleze mara ya kwanza kabisa jambo hilo linapotokea.

Tegemea hali kuwa mbaya zaidi kwanza. Kelele zilikuwa zikimpa anachotaka, kwa hiyo zikishindwa ataongeza kelele kabla hajaziacha. Ukilegea siku ya tano, umemfundisha kwamba bei yako ni siku tano, na safari nyingine atakuja amejiandaa kwa sita.

Mahali ambapo haya yote hayafai

Anayekupiga, kukukaba, kukutishia kifo, kushikilia kitambulisho chako, kukukataza ndugu zako au kukufuata kila uendako, usimwekee mpaka ana kwa ana. Inaweza kumchochea. Hapo panga kimyakimya. Kitambulisho cha taifa, vyeti vya watoto, kadi ya kliniki na nauli viwe kwa mtu ambaye yeye hapitii kwake. Namba ya siri ya simu anayoijua usiibadilishe ukiwa bado nyumbani, kwani atashtuka. Ibadilishe ukishafika mahali salama.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu cha 58 kinaeleza kwamba mali yako haigeuki kuwa ya mwenzako kwa sababu tu mmeoana, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa kipigo, anza polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue fomu ya PF3 na kupata matibabu. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anahusika, na kwa mtoto ipo simu ya bure 116. Baraza la usuluhishi wa ndoa lisubiri hadi uwe salama. Wengi hulitanguliza kwa kushinikizwa na wazee, wakaishia kulala nyumba ileile usiku wa siku waliyomshtaki.

Popote uendako, beba lile daftari la wiki mbili. Na kama anapekua vitu vyako, tangu mwanzo liandikwe katikati ya hesabu za kikoba, kurasa ambazo hakuna mwenye subira ya kuzisoma.