Lubumbashi hadi Kipushi kwa miguu: usidanganywe na njia ya makala (makaa)

Shemeki yangu alinipigia simu akisema anataka kutoka Lubumbashi, huku kwetu Kongo, kwenda Kipushi kwa miguu na vijana wawili wa kwaya yake, na kwamba ameambiwa mimi ninajua pori. Sijui pori. Nimewahi kupotea humo mara moja, nikapotea sawasawa, basi watu wakafikiri nimesomea. Nikamwandikia maelezo, Jumamosi nikawasindikiza, na haya ndiyo maelezo yenyewe baada ya kuyarekebisha pale walipokwama.

Kwa barabara kubwa ni kama kilomita 30. Mimi sizungumzii barabara. Kutembea siku nzima ukimeza vumbi la malori si matembezi, ni kazi ya kulipwa. Nazungumzia vijia vya porini vinavyokwenda upande wa magharibi, barabara ikiwa karibu bila kuonekana.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai. Mwezi wa Mei majani bado yanampita mtu kimo, na dembo, yale mabonde ya nyasi yasiyo na miti, zina matope ya kunyonya kiatu. Agosti na Septemba watu wanachoma pori. Oktoba miti inachipua majani mekundu hata kabla ya mvua, uzuri wa kusimamia ukaangalia, lakini joto lake usiombe. Mvua ikishaingia, pori tunaliendea kwa uyoga na masuku, yale matunda ya porini, si kwa safari.

Hatua ya 2: Mzigo

Maji lita tatu kwa kila mtu, na usihesabu mito ya njiani. Hii ni nchi ya migodi. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yamebeba madini, na kuyachemsha kunaua vijidudu tu, madini yanabaki sufuriani.

Chakula: mikate, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha. Kijana mmoja wa kwaya alibeba bukari, yaani ugali, kwenye bakuli. Saa sita mchana ilikuwa imekuwa tofali, akaila bila kusema neno.

Viatu vya kufunga kamba, hata vya mitumba. Mapapa, yaani ndala, acha nyumbani. Koti ubebe, kwa sababu alfajiri ya Julai huku kwetu kwenye mita 1200 inauma masikio. Kadi ya uchaguzi usiisahau: Kipushi ni mji wa mpakani na unaweza kuombwa karatasi.

Kwenye simu ninaweka OsmAnd, programu ya ramani, sitaki nyingine. Ramani unaipakua nyumbani, inakaa ndani ya simu, inafanya kazi bila mtandao, na inaandika alama ya ulikopita ili uweze kurudi kwa nyayo zako. Vijia vingi haina. Ninachotaka kwake ni kitu kimoja: inionyeshe barabara kubwa iko upande gani.

Hatua ya 3: Pa kuanzia

Panda basi dogo kwenye njia ya Kipushi, shuka nyumba zinapoisha. Mji unakua, kwa hiyo mahali hapo panasogea kila mwaka. Uwe umeshuka saa 12 na nusu asubuhi, jua linapotoka.

Hatua ya 4: Baki kaskazini ya barabara

Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo nivumilie.

Ukiwa unaelekea Kipushi, barabara iwe mkono wako wa kushoto. Kushoto! Siku ile tulikuwa watatu, tukaingia upande wa kusini kwa sababu miti ilikuwa mingi na kivuli kizuri. Tukapata njia pana, safi, imefagiliwa kama ua wa mama mkwe. Tukaifuata kwa muda wa saa mbili hivi. Ikaishia kwenye tanuru la makala, wanaume wawili wakilifunika kwa udongo. Wakatuonyesha njia nyingine. Nayo ikaishia kwenye tanuru, hili limeshapoa na wenyewe wameondoka. Tukajaribu ya tatu, na katikati yake simu yangu ikalia: ujumbe wa kunikaribisha Zambia.

Watu hudhani mpaka ni kitu utakachokiona. Hapa hakuna mto wa kuvuka. Mpaka unafuata mgongo wa nchi unaogawa maji: ya upande wetu yanashuka mto Kafubu, yanaingia Luapula na mwisho Kongo, ya upande wa pili yanashuka Kafue mpaka Zambezi. Huo mgongo ni mpole, unaupanda bila kujua umepanda. Miti ni ileile. Walamba, kabila la huku, wako pande zote mbili, kwa hiyo hata ukisalimiwa huwezi kujua uko nchi gani. Saa nayo haibadiliki. Ni ule ujumbe wa simu tu uliotuambia. Tukageuka, na tukaiona lami usiku, miguu imevimba, tukiwa na tochi moja.

Ndiyo maana ninasema kaskazini. Ukipotea kaskazini ya barabara, unaelekea kusini mpaka uikute. Ukipotea kusini yake na bado ukaelekea kusini, hukuti barabara, unakuta maafisa wa nchi nyingine.

Hatua ya 5: Tofautisha njia ya watu na njia ya makala

Kosa letu la pili lilikuwa kuamini kwamba njia pana ni njia kuu. Porini karibu na Lubumbashi, njia pana mara nyingi imepanuliwa na makala. Mji mzima unapikia makala, na magunia yanatoka porini kwa baiskeli, au kinga kama tunavyosema. Njia ya namna hiyo haikupeleki kwa watu. Inakupeleka kwenye miti iliyokatwa.

Angalia chini. Baiskeli yenye magunia inasukumwa, haipandwi, kwa hiyo mfereji wa gurudumu ni mwembamba na wa kina, na pembeni yake kuna nyayo za mtu mmoja aliyechimba kwa vidole vya miguu. Zikiwa zile nzito zote zimeelekea mjini, na za kurudi ni mstari mwepesi tu, hiyo ni njia ya makala. Iache, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Njia ya watu imejaa nyayo ndogo: za watoto, za kina mama. Inapinda kuukwepa mti, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka. Ukiifuata utaanza kuona maganda ya mihogo, mwembe, kichuguu kilichochimbwa ubavu. Hicho kichuguu ni alama ninayoipenda kuliko zote. Vichuguu vyetu ni vilima, vingine vina mita nane na miti juu yake, na udongo wake ndio unaofyatuliwa matofali. Hakuna anayefyatua matofali mbali na nyumba. Kichuguu kizima hakikuambii kitu. Kilichokatwa kama mkate kinakuambia kijiji kiko karibu.

Moshi usiuamini peke yake, kwa maana tanuru la matofali na la makala yote yanafuka.

Na ukikuta mtu, usimuulize, "Hii ni njia ya Kipushi?" Atakujibu ndiyo, kwa heshima tu, hasa kama wewe ni mkubwa. Salimia kwanza, "Jambo, mama," ngoja ajibu, kisha uliza, "Hii njia inaishia wapi?" Shemeki aliuliza vibaya mara mbili na akapata ndiyo mbili, moja kwa kila upande wa njia panda. Msukuma makala usimsimamishe kwenye mpando. Mngoje juu, atakapoegemeza kinga yake.

Hatua ya 6: Jua la mchana

Juni na Julai jua la saa sita liko kaskazini. Ukienda vizuri litakuwa mkono wako wa kulia. Ukiwa umechanganyikiwa saa hiyo, lipe mgongo na utembee, utaikuta barabara. (Desemba sheria hii inageuka, jua linakuwa kusini. Lakini nimeshasema usiende Desemba.)

Dembo zivuke pale palipo na alama za baiskeli. Pengine popote ni kubahatisha.

Hatua ya 7: Kuingia Kipushi

Utaona minara ya mgodi kabla ya nyumba. Ni mgodi wa chini ya ardhi uliofunguliwa 1924, ukasimama 1993, na tangu 2024 unatoa zinki tena. Ukiuona tu, shuka barabarani na umalizie kwa lami. Usikate kona kupitia ndani: kuna nyua za makampuni, kuna mashimo ya zamani yaliyofunikwa na majani, na walinzi hawana habari na kwaya yako. Simu iweke mfukoni, usipige picha za mgodi wala za mpakani.

Mimi huhesabu safari ya saa nane pamoja na kupumzika. Jua linazama karibu na saa 12 jioni, kwa hiyo ikifika saa tisa ukiwa bado hujaona minara, acha vijia, toka barabarani, simamisha gari.

Kurudi ni kwa basi, na basi haliondoki mpaka lijae. Sisi tulingoja karibu saa nzima. Vijana walilala wakiwa wamekaa, shemeki akavua viatu, na dereva akamwomba kwa adabu avivae tena.