Gari Linapokwama Katika Dhoruba ya Theluji Milimani

Dhoruba kali ya theluji inapofunga barabara ya milimani, uamuzi wa kwanza, na pengine mgumu kuliko yote, ni kubaki ndani ya gari. Waokoaji huliona gari kwa urahisi kuliko mtu anayetembea, na katika upepo unaopeperusha theluji mtu anaweza kupotea hatua chache tu kutoka barabarani. Piga simu ya dharura mapema, kabla baridi haijamaliza chaji, kisha funga kitambaa cha rangi kali mlangoni.

Hatari inayosahauliwa zaidi si baridi bali ni moshi. Theluji ikiziba ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi, gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, huingia ndani ya gari na inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo, kila unapotaka kuwasha injini, toka kwanza uondoe theluji kwenye bomba hilo, fungua kidogo dirisha la upande usiopigwa na upepo, kisha uiache injini ifanye kazi kwa takriban dakika 10 tu katika kila saa, jambo ambalo pia huokoa mafuta.

Mkiwa zaidi ya mmoja, kaeni mmebanana na mlale kwa zamu. Theluji isiliwe ilivyo, kwa kuwa hupunguza joto la mwili, iyeyushwe kwanza. Mtu aliyekuwa akitetemeka, kisha akaacha huku akizungumza kwa kukokota maneno, hajapata nafuu hata kidogo: joto la mwili wake limeshuka mno, naye anahitaji matibabu ya haraka.