SOMO: Kuchagua na kuandaa gitaa la umeme kwa tyuni za chini

Wakuu, salaam. Swali la "nimeshusha gitaa hadi C, sasa nyuzi zinakwaruza na tyuni haikai" nimelijibu mara nyingi mno. Leo naandika mara moja, lote, na atakayeuliza tena nitamleta hapa. Tafadhali soma hadi mwisho ndipo uulize.

Kwanza jambo moja, maana hatua zote zinazaliwa humo. Ukishusha noti, mkazo wa uzi haushuki kidogo kidogo kama wengi wanavyodhani. Unafuata mraba wa kasi ya mtetemo. Chukua uzi wa sita (ule mnene kuliko wote) wenye unene wa 46, yaani inchi 0.046, kwenye gitaa la skeli ya inchi 25.5 (skeli ni urefu wa uzi unaotetemeka, toka mwanzo wa shingo hadi daraja lililo mwilini). Ukiwa E unavutwa kwa takriban kilo 7.9. Ushushe hadi C, zimebaki kilo 5. Hadi B, kilo 4.4. Uzi uliolegea hivyo unayumba kwa upana, unagonga freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni), na ukiupiga kwa nguvu noti inaanzia juu kisha inateremka. Watu wanabadilisha ampu na pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) wakati ugonjwa uko kwenye uzi.

Hatua ya 1. Amua tyuni. Moja tu. Gitaa linaandaliwa kwa tyuni moja; ukitaka E na drop B (drop ni tyuni ambayo uzi wa sita umeshushwa zaidi ya wengine) kwa siku moja, tumia magitaa mawili.

Hatua ya 2. Chagua nyuzi. Lengo ni kurudisha mkazo uleule mkono wako uliouzoea. Kama umezoea seti ya 10 (10 hadi 46) kwenye E, uzi wa sita wa kukupa mkazo huo kwenye C ni kama 58, kwenye B ni kama 61, na kwenye A ni kama 69. Ukipenda mguso mwepesi, punguza namba mbili tatu.

Hapa wengi wanateleza kwenye tyuni za drop. Drop C ni C G C F A D: nyuzi tano zimeshuka toni moja, lakini uzi wa sita umeshuka toni mbili. Seti ya kawaida ya 11 inawatosha wale watano vizuri kabisa, ila uzi wake wa sita ni 48 au 49, na kwenye C unakuwa umelegea peke yake. Basi nunua seti ya 11, kisha nunua uzi mmoja wa pembeni wa 56 au 58 uweke chini. Na ukifika mahali uzi wa tatu unazidi 20, chukua uliosokotwa kwa waya wa nje. Uzi mtupu mnene kiasi hicho hausikiki sawa ukipanda juu ya shingo.

Hatua ya 3. Gitaa lenyewe. Skeli ndiyo inayoamua. Kutoka inchi 24.75 kwenda 25.5 unapata mkazo wa ziada wa kama asilimia 6, kutoka 25.5 kwenda 27 unapata asilimia 12 kwa uzi uleule na noti ileile. Hadi C au B, 25.5 inatosha. Kuanzia A kwenda chini, ningetafuta 26.5 au 27, au baritoni kamili (gitaa la skeli ndefu lililotengenezwa kwa noti za chini). Daraja lisilosogea ndilo rahisi zaidi. Daraja linaloelea kwa springi litainuka au kulala kila ukibadilisha unene wa nyuzi, nawe utaanza upya. Kama ndilo ulilonalo, kata kipande cha mbao kinachokaa vizuri nyuma yake ulizuie.

Hatua ya 4. Nati. Hii ndiyo iliyonigharimu, kwa hiyo nisomeni polepole.

Nati ni kile kipande chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa cha gitaa. Mfereji uliokatwa kwa uzi wa 46 haumpokei 60. Uzi unakaa juu juu, au unabanwa, ukikaza unasikia "tiki!" na noti inaruka. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya tyuni kutokaa, kuliko vifungo vya kukazia vinavyolaumiwa kila siku.

Nilipofanya mara ya kwanza nilichukua tupa ya kawaida, nikaisukuma mfereji wa sita hadi uzi ukaingia. Uliingia vizuri. Nikaweka tyuni, nikapiga uzi wazi, nikasikia mkwaruzo. Nilibana freti ya kwanza, ukanyamaza. Nilikuwa nimekata kina nikidhani nakata upana, na uzi wazi ukawa unalala juu ya freti ya kwanza. Tena nilikuwa nimeielekeza tupa vibaya, mteremko ukaelekea upande wa freti, kwa hiyo uzi ulikuwa unashikwa nyuma ya ukingo na intonesheni (usahihi wa noti ukibana freti) ya freti za mwanzo ikaharibika. Makosa mawili kwa dakika tano. Kwa hiyo:

Kata UPANA, usikate kina. Sugua kuta za mfereji, sakafu iache. Tupa iwe na unene wa uzi wako au uzidi kwa kiasi kidogo sana. Huna tupa za nati? Kipande cha uzi wa zamani uliosokotwa, wenye unene huohuo, kinafanya kazi ya msumeno: polepole, na ndiyo maana ni salama.

Mteremko uelekee kichwani, ili sehemu ya juu kabisa ya mfereji iwe ukingo unaotazama freti.

Baada ya kila misuguo mitano sita, rudisha uzi, ukaze, upime. Bana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama juu ya freti ya 1. Lazima pabaki upenyo mwembamba, kama unene wa karatasi ya kawaida. Ukiona uzi umeigusa freti, umepitiliza.

Uzi mnene unaweza kuchomoza hadi nusu yake juu ya nati. Hiyo ni sawa.

Ukishapitiliza: ziba freti na mbao za shingo kwa utepe wa karatasi, jaza mfereji kwa unga wa soda ya kuokea, dondosha tone dogo la supaglu. Inaganda papo hapo na inakuwa ngumu kiasi cha kukatwa upya. Fungua dirisha, mvuke wake unachoma macho. Mimi nati ile niliirekebisha hivyo. Mwisho pitisha ncha ya penseli mferejini. Risasi yake inalainisha.

Hatua ya 5. Shingo. Nyuzi zikiwa kwenye tyuni yake, bana freti ya 1 na ile iliyo pale shingo inapoungana na mwili. Tazama upenyo kwenye freti ya 7 au 8: kwa tyuni za chini napenda mm 0.25 hadi 0.30. Upenyo mkubwa, zungusha chuma cha shingo (kile kilichofichwa ndani yake) kwenda kulia; mdogo, kushoto. Robo ya mzunguko tu, kisha subiri. Kikikataa, usilazimishe.

Hatua ya 6. Kimo cha nyuzi. Freti ya 12: mm 2 uzi wa sita, mm 1.6 uzi wa kwanza. Panda kidogo kama mkono wako ni mzito.

Hatua ya 7. Intonesheni. Linganisha hamoniki ya freti ya 12 (noti inayolia ukiugusa uzi tu bila kuubana) na noti iliyobanwa hapohapo. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kikalio cha uzi (pale unapokalia kwenye daraja) nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Kwa uzi mnene kikalio kitarudi nyuma sana, wakati mwingine hadi springi yake ndogo imzuie. Kata springi hiyo au itoe kabisa. Tumia nyuzi mpya. Uzi uliochoka hauna intonesheni ya kupima.

Hatua ya 8. Pikapu. Shusha upande wa uzi wa sita. Uzi unaoyumba kwa upana unaikaribia sumaku, nayo inauvuta.

---

MASWALI

Kasi_220: Mkuu nimepitia haraka haraka. Nina seti ya 9, nataka drop A. Nifanyeje nyuzi zisipige kelele?

Mtoa somo: Badilisha nyuzi. Hatua ya 2.

Kasi_220: Bila kubadilisha je?

Mtoa somo: Haiwezekani. Uzi wa sita wa seti hiyo ni 42, na kwenye A unabaki na kilo 3 hivi. Hakuna spana inayorudisha mkazo ambao uzi hauna.

Rifu_Nzito: Naona unatisha watu. Tony Iommi wa Black Sabbath alishusha hadi C# akiwa na nyuzi nyembamba na skeli fupi, na hakuna mzito kuliko yule.

Mtoa somo: Sijaandika popote kwamba ni lazima. Iommi alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani, na kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, huo ndio mkono unaobana nyuzi. Alihitaji nyuzi zinazokubali kubanwa na vidole vile. C# waliyoanza kuirekodi 1971 ni nusu toni tatu chini ya E. Mkazo unabaki asilimia 71. Ukijua kupunguza mkono inapigika, na ule ulegevu ni sehemu ya uzuri wa sauti yake. Wanaoniuliza mimi wanapiga drop B kwa kasi na mkono mzito. Hao nawaambia ukweli.

Rifu_Nzito: Sawa, hapo nimekuelewa.

Mgeni_2: gitaa langu linakwaruza tatizo nini

Mtoa somo: Wapi? Uzi gani, freti ya ngapi, wazi au umebanwa? Uzi wazi peke yake, angalia nati. Freti za mwanzo, angalia shingo. Freti za juu, angalia kimo. Freti moja tu, freti hiyo imeinuka.

Dada_Semitoni: Shikamoo mwalimu, somo limenikaa. Kinachonisumbua ni hiki: kama uzi mnene unarudisha mkazo uleule, kwa nini bado baritoni inasikika safi kuliko gitaa fupi lenye uzi mnene? Si mkazo ni mmoja?

Mtoa somo: Marahaba dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Mkazo ni mmoja, ugumu si mmoja. Uzi bora ungekuwa laini kabisa, na hamoniki zake (sauti za juu zinazolia pamoja na noti) zingekuwa mara mbili, mara tatu, mara nne ya noti ya msingi, bila kupotoka. Uzi mnene na mfupi unaanza kuwa na tabia ya fimbo: unakataa kupinda, na hamoniki zake za juu zinapanda kidogo kuliko zinavyopaswa. Ukipiga safi husikii sana. Ukitia distosheni (ule mkwaruzo wa makusudi wa ampu), hamoniki hizo zinasukumwa mbele na zinagombana, ndiyo ule utope. Skeli ndefu inakupa mkazo bila kuongeza unene, kwa hiyo uzi unabaki laini. Piano ni vilevile: nyuzi za besi za piano kubwa ya kulala ni ndefu, na ndiyo maana besi yake ni safi kuliko ya piano ndogo ya kusimama. Fanya jaribio: weka tyuna, piga uzi wa sita wazi taratibu, kisha kwa nguvu, uangalie mshale unavyoruka. Rudia na uzi mnene zaidi. Huo ni mkazo unauona kwa macho.

Dada_Semitoni: Nimejaribu! Wa 49 uliruka sana, wa 58 kidogo tu. Sasa gitaa la nyuzi saba lina faida gani juu ya kushusha la sita?

Mtoa somo: Hupotezi nyuzi za juu. La saba kwa kawaida linaongeza B chini ya E, na Korn kwenye albamu yao ya kwanza ya 1994 walilishusha lote toni moja, wakafika A. Gharama ni shingo pana na uzi mmoja zaidi wa kuunyamazisha kwa kiganja. Kama rifu zako (vile vipande vifupi vinavyojirudia) zinaishi kwenye nyuzi tatu za chini, la sita linatosha.

Bezi_Nne: Niongeze la upande wetu. Wapiga gitaa, mkishuka hadi C msijaze besi kwenye ampu. C yenu ni kama Hz 65, na mimi niko oktavu moja chini. Kateni chini ya Hz 80 au 100 KABLA ya distosheni, na punguzeni geini (kiwango cha distosheni). Bendi inasikika nzito zaidi, siyo nyepesi.

Mtoa somo: Naunga mkono kila neno. Kabla ya distosheni, siyo baada. Ukikata baada, utope umeshatengenezwa.

Fundi_Chipukizi: Mkuu, uzi wangu wa 70 hauingii kwenye tundu la kifungo cha kukazia. Nitoboe?

Mtoa somo: Usitoboe kwanza. Ncha ya uzi unaweza kuivua msokoto wa nje, ukabaki kiini chembamba kinachopita. Sehemu iliyovuliwa iishie kwenye kifungo, isifike kwenye nati. Na kabla ya kuvua wala kukata, ukunje uzi kona kali kwa koleo kabla kidogo ya utakapokata, upande wa nati. Mkunjo ndio unaoshika msokoto usifumuke. Ukikata uzi ukiwa umenyooka, unaanza kulegea kuanzia hapo na kurudi kwenye noti, na uzi mpya unasikika umekufa. Kunja, ndipo ukate.