Kukagua vitu vilivyo nyuma ya kingo za chuma barabarani: ninavyofanya Malindi

Watu wengi wakiona ukingo wa chuma kwenye kona huamini kwamba kilicho nyuma yake kimesalimika. Sivyo. Ukingo huokoa kwa kubonyea: gari likiugonga, nguzo hulala, bati huvutika, na kishindo huishia humo. Basi lazima uachiwe nafasi ya kurudi nyuma. Mnazi uliosimama ndani ya nafasi hiyo utagongwa, ukingo uwepo usiwepo.

Hatua ya 1. Jua ukingo wako hurudi nyuma kiasi gani. Kwa kipimo cha Ulaya cha EN 1317, ukingo wa kiwango cha N2 hujaribiwa kwa kugongwa na gari la kilo 1,500 likienda kilomita 110 kwa saa, kwa pembe ya nyuzi 20. Kisha hupimwa kutoka uso wa ukingo ulipokuwa kabla ya kugongwa hadi mahali pa mbali zaidi ulipofika. Umbali huo hupewa daraja la W: W1 haizidi mita 0.6, W4 mita 1.3, W8 mita 3.5. Daraja hilo limo kwenye karatasi za mtengenezaji.

Hatua ya 2. Pima. Vaa koti la kuakisi, na uwe na mwenzio wa kuangalia magari tu, asishike kazi nyingine. Anza kwenye uso wa bati unaotazama barabara, ishia upande wa karibu wa kitu. Hapa niliwahi kukosea. Mwarobaini mmoja niliuandika mita 1.5 kwa sababu nilipima hadi katikati ya shina, na shina lenyewe lilikuwa na unene wa sentimita 60. Umbali wa kweli ulikuwa mita 1.2, na ukingo ule ni W4. Mti nilioupitisha kuwa salama ulikuwa ndani ya hatari kwa sentimita 10.

Hatua ya 3. Tazama juu. Basi au lori likiegemea ukingo, bodi lake hupita juu ya bati. Nguzo ya stima iliyoinamia barabarani huweza kuwa mbali chini na karibu juu. Mimi hushusha timazi kutoka sehemu iliyoinama, nikapima upya.

Hatua ya 4. Pima ugumu. Shina lenye unene unaozidi sentimita 10 lihesabu kuwa hatari, sawa na nguzo ya zege au ukuta wa mawe.

Lakini kinachoninyima usingizi ni watu. Ukingo ukiwa na kivuli nyuma, kijana wa madafu huweka meza hapo, bodaboda huegesha, abiria hukalia bati wakingoja matatu. Waandike kwanza, kabla ya mti wowote, na uzungumze nao. Waeleze kwamba chuma kile kitawajia. Watafutieni pamoja mahali pengine penye kivuli na wateja, la sivyo kesho watarudi.

Hatua ya 5. Uliza kama pagongwa mara kwa mara. Upande wa nje wa kona, makwaruzo ya rangi kwenye bati, vioo vilivyopasuka majanini: vyote vinasema. Mwendo wa kilomita 100 una nguvu mara 4 ya ule wa 50. Angalia pia nguzo zenyewe. Mchanga wetu huchimbuliwa na mvua, na chumvi ya bahari hula chuma. Nguzo iliyolegea hulala zaidi ya ilivyoandikwa kwenye karatasi.

Hatua ya 6. Amua. Kinachoondoka kiondolewe, kinachosogezwa kisogezwe. Kwa mti mkubwa wenye kivuli cha watu, mimi hupendelea kukaza ukingo kwa kuongeza nguzo katikati ya zilizopo. Kukaza kuanze mapema kabla ya kukifikia kitu, kidogo kidogo, ama gari litazama penye ulaini na kugota penye ugumu.

Lami mpya ikimwagwa, rudi na futi: barabara imepanda, bati limekuwa fupi, na mwarobaini umenenepa.